Jiwe la Minjingu kwenye udongo wa Malindi

Tuseme mkulima wa Kakamega na mwenzake wa Gede, Malindi, wamenunua mfuko mmoja mmoja wa unga wa fosfeti ya Minjingu, mbolea ya jiwe lililosagwa, wakaumwaga shambani wiki moja, wakapanda mahindi ya mbegu moja, na mvua ikawanyeshea wote vizuri. Yule wa Kakamega ana sababu ya kutarajia mavuno yapande. Yule wa Gede huenda asione tofauti yoyote, si msimu huu wala ujao. Unga ni ule ule na dukani hakuna aliyepunjwa. Kilichotofautiana ni udongo: mmoja analima udongo mwekundu wenye tindikali, mwingine analima juu ya matumbawe.

Nalitanguliza hili kwa sababu mazungumzo mengi kuhusu mbolea hii huanzia kwenye jiwe. Watu huulizana lina asilimia ngapi, linatoka wapi, ni la asili au la kiwandani, bei yake ni nusu ya DAP, ile mbolea ya kiwandani ya kupandia, au robo. Ni maswali mazuri, ila kwa sisi wa Malindi na Lamu yanatangulizwa kabla ya wakati wake. Kabla ya kuuliza jiwe lina nini, tuulize shamba lina uwezo gani wa kuliyeyusha.

Minjingu yenyewe iko kando ya Ziwa Manyara, wilaya ya Babati, kaskazini mwa Tanzania. Zamani sana ziwa lile lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo, na kilima cha Minjingu kilikuwa kisiwa katikati ya maji. Ndege walikifanya makao yao, hasa aina ya mnandi ambayo siku hizi haipo tena duniani. Walivua samaki, wakalea makinda, wakanya, wakafa papo hapo. Vinyesi, mifupa ya ndege na miba ya samaki vilirundikana kwa karne nyingi mpaka vikawa tabaka nene la fosfeti. Mwaka 1956 watu waliokuwa wakitafuta urani kwa ndege yenye vipimo vya mionzi walipita juu ya kilima hicho na vipimo vikaitika, kwa kuwa fosfeti ya pale imechanganyika na urani kidogo. Uchimbaji wa mbolea ulianza baadaye sana, mwaka 1983.

Historia hiyo ina kazi yake katika kuijua mbolea. Mawe ya fosfeti hayalingani. Yapo yaliyotokana na viumbe, kama ya Minjingu, au yale ya Morocco na Tunisia yaliyotuama chini ya bahari za kale. Yapo pia yaliyotokana na uji wa moto wa ardhini uliopoa polepole, kama ya Sukulu na Busumbu huko mashariki mwa Uganda, au Palabora Afrika Kusini. Haya ya pili yana fuwele kubwa zilizokazana, na ukiyasaga ukayatia shambani jinsi yalivyo hukaa miaka bila kutoa kitu cha maana. Yale ya viumbe yana fuwele ndogo zisizokamilika, ambamo kaboneti imejipenyeza mahali palipostahili kukaa fosfeti, na dosari hiyo ndiyo inayoyafanya yavunjike kwa urahisi. Kwa kipimo hicho Minjingu ni jiwe zuri. Katika Afrika Mashariki halina mpinzani wa karibu.

Mmea wahitaji fosforasi, kile kirutubisho kilichomo ndani ya fosfeti, kwa nini? Kwa ufupi: mizizi, nguvu ya kuendesha kazi zote za ndani ya seli, maua na mbegu. Mahindi machanga yaliyoikosa hudumaa, na majani ya chini hugeuka zambarau kuanzia ncha na kingo. Tani moja ya punje za mahindi huondoka shambani na takriban kilo 3 za fosforasi, na kwa kuwa tunakula punje mjini na choo hakirudi shambani, akaunti hiyo hupungua kila mwaka. Kisha kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: fosforasi haitembei. Nitrojeni hufuata maji, lakini fosforasi ndani ya udongo husogea milimita chache tu. Mzizi ndio unaoifuata, si yenyewe inayoufuata mzizi. Kwa hiyo kuwa na fosfeti shambani hakutoshi. Lazima iwe imeyeyuka, na iwe karibu.

Hapa ndipo kwenye fundo.

Jiwe la fosfeti limeundwa kwa apatiti, yaani kalisi (ile iliyomo kwenye chokaa), fosfeti na floridi zilizofungamana. Maji matupu hayalifungui. Kinacholifungua ni tindikali, zile chembe za haidrojeni zilizomo katika unyevu wa udongo. Kwa hesabu ya kemia, fungu moja la apatiti hula chembe 12 za haidrojeni, kisha hutoa chembe 10 za kalisi, 6 za fosfeti ambayo mzizi unaweza kuinywa, na 2 za floridi.

Ukiitazama hesabu hiyo vizuri utaona ina masharti. La kwanza liko wazi: bila haidrojeni hakuna kinachoanza. Tindikali hupimwa kwa pH, ambayo namba yake ikishuka tindikali huzidi. Watafiti wa udongo huweka mpaka karibu na pH 5.5, chini ya hapo jiwe huyeyuka kwa kasi ya kumfaa mkulima, juu ya hapo kasi hufifia. Na namba za pH hazipandi kama ngazi za nyumba. Kila hatua moja ni mara kumi, kwa hiyo udongo wa pH 8 una haidrojeni pungufu mara 1,000 kuliko udongo wa pH 5. Anayesema "tofauti ni ndogo, tano na nane" hajui anapunguza nini.

Sharti la pili halisemwi sana madukani, nalo ndilo linalotuhusu zaidi. Zile chembe 10 za kalisi zinazotoka lazima zipate pa kwenda, zinywewe na mimea, zishikwe na udongo wenye nafasi, au zichukuliwe na mvua. Udongo ukiwa tayari umeshiba kalisi, zinabaki papo hapo kulizunguka jiwe na kulizuia lisiendelee kufunguka. Kumwaga unga wa Minjingu kwenye udongo wa chokaa ni sawa na kumkaribisha bisi bibi asiye na meno: chakula kipo, ila hakiliki.

La tatu ni kwamba hata fosfeti iliyotoka lazima iondolewe pale jiweni. Mizizi huiondoa kwa kuinywa. Udongo mwekundu wa bara huiondoa pia kwa njia isiyompendeza mkulima, maana chuma na alumini vilivyomo huikamata na kuing'ang'ania. Utani wa maumbile ni kwamba tabia hiyo inayowatesa wakulima wa magharibi ya Kenya kila wanapoweka DAP ndiyo inayolisaidia jiwe kuendelea kuyeyuka. Ndiyo sababu majaribio makubwa ya Minjingu nchini yalifanyika huko. Miaka ya 1990 watafiti wa KARI (taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, leo KALRO), ICRAF (kituo cha utafiti wa kilimo mseto) na Chuo Kikuu cha Moi waliupeleka unga huu kwenye mashamba ya wakulima wadogo wa magharibi. Chuo cha Moi kilitengeneza hata kifurushi kidogo, PREP-PAC, chenye kilo 2 za Minjingu, gramu 200 za urea, mbegu za jamii ya kunde na bakteria wa mizizi yake, kwa ajili ya kutibu kipande cha mita za mraba 25 kilichochoka kabisa. Kilifaa kwenye udongo wenye tindikali, na kilibuniwa kwa udongo huo. Sifa za Minjingu tunazozisikia Pwani zimesafiri kutoka huko, lakini udongo haukusafiri nazo.

Sasa turudi nyumbani. Ukanda mwembamba wa pwani kuanzia Watamu na Gede kupita Malindi mjini umelala juu ya matumbawe ya kale, yaliyojengeka wakati bahari ilipokuwa juu kuliko leo, miaka ipatayo 125,000 iliyopita. Tunajenga kwa mawe yake, na Lamu waliyachoma kwenye matanuri wakapata chokaa ya kupaka kuta, halafu tunashangaa tukiambiwa shamba lina chokaa. Visiwani, Manda na Pate hasa, jembe likizama kidogo tu linagonga mwamba. Udongo wa aina hiyo kwa kawaida uko kati ya pH 7.5 na 8.5, na kalisi imejaa tele. Masharti yote mawili makubwa yameshindwa kabla mkulima hajafungua mfuko.

Lakini Malindi haikuishia kwenye matumbawe. Ukiipa bahari mgongo ukaelekea bara, baada ya kilomita chache unaingia kwenye michanga, na michanga nayo si ya aina moja. Wanaoujua msitu wa Arabuko-Sokoke wataelewa upesi, kwa sababu miti yenyewe imechora ramani. Katikati ya msitu kuna mchanga mweupe uliochujwa na mvua hadi ukawa maskini, na hapo imeota miti ya mirihi. Upande wa kaskazini magharibi kuna mchanga mwekundu wa Magarini wenye kichaka kizito cha miti mingine kabisa. Mashamba yanayopakana na msitu yamekatwa kwenye michanga hiyo hiyo. Mchanga mweupe uliochujwa hauna kalisi nyingi, na unaweza kuwa na tindikali. Hapo Minjingu angalau inaruhusiwa kubisha hodi.

Nimesema kubisha hodi tu, kwa sababu mchanga una mtego wake. pH 5.5 ya mchanga si sawa na pH 5.5 ya udongo mzito wa Kericho. Udongo wa mfinyanzi wenye mboji una akiba kubwa ya tindikali nyuma ya ile inayopimwa. Ukitumia kidogo, nyingine inatoka ghalani kuijazia. Mchanga hauna ghala. Jiwe likila haidrojeni iliyopo, pH ya pale jirani hupanda na kazi inasimama. Kwa hiyo hata kwenye michanga ya Kakuyuni au Magarini nisingemshauri mtu anunue magunia kwa imani. Angejaribu mistari michache kwanza, kando yake mistari ya TSP (mbolea ya fosfeti ya kiwandani) na mingine isiyowekwa kitu, kisha apime kwa debe wakati wa mavuno.

Kando ya Mto Sabaki ni jambo jingine. Lile tope limetoka mbali sana bara, na kwa kawaida halikosi kalisi. Minjingu haina kazi kubwa pale. Lamu bara, kuanzia Witu hadi Hindi na Mpeketoni, udongo unabadilika kutoka shamba hadi shamba, hapa kichanga, pale mfinyanzi unaopasuka wakati wa kiangazi. Atakayekupa jibu moja kwa Mpeketoni yote anabahatisha.

Kuna jaribio dogo la nyumbani linaloweza kukuokolea pesa. Chota udongo mkavu wa shamba lako, kijiko kimoja, uweke kwenye kisahani, kisha umwagie siki. Ukitoa povu na kuchacharika, una chokaa ndani yake. Achana na unga wa fosfeti, mjadala umekwisha. Usipotoa povu, hujaambiwa kwamba una tindikali. Umeambiwa tu kwamba chokaa si nyingi, na hapo ndipo inapofaa kulipia kipimo cha maabara. Chota sehemu kadhaa, juu na chini, maana kipande cha tumbawe kilichovunjika kinaweza kuchacharika peke yake huku udongo unaokizunguka ukiwa tofauti.

Viwanda vilikwepa tatizo hili zamani. Badala ya kusubiri tindikali ya shambani, walipeleka tindikali kwenye jiwe. John Bennet Lawes wa Uingereza alipata hataza mwaka 1842 ya kuchanganya mifupa na mawe ya fosfeti na asidi ya salfa, ikatoka mbolea inayoyeyuka kwenye maji. Viwanda vyote vya TSP na DAP leo ni wajukuu wa wazo hilo. Jiwe ni lile lile, kutoka Morocco au China au kwingineko, ila limekwisha kupikwa kabla ya kufika Mombasa. Gharama yake ni asidi, moto, usafirishaji, na takataka: kila tani moja ya asidi ya fosfeti huacha takriban tani 5 za jasi yenye mionzi kidogo, ambayo nchi nyingi hazijui ziifanyie nini zaidi ya kuirundika. Anayependa mbolea ya jiwe kwa sababu ya mazingira ana hoja yake. Hoja hiyo lakini haiyeyushi jiwe Gede.

Ukifika agroveti, namba za mfuko zinahitaji jicho. DAP imeandikwa 18-46-0. Ile 46 si asilimia ya fosforasi bali ya P2O5, desturi ya kizamani ya kuhesabu fosforasi pamoja na oksijeni; kupata fosforasi yenyewe unazidisha kwa 0.436. Mfuko wa kilo 50 wa DAP una kilo 23 za P2O5, sawa na kilo 10 za fosforasi, na juu yake kilo 9 za nitrojeni. Unga wa Minjingu una karibu asilimia 30 ya P2O5, kwa hiyo mfuko wa kilo 50 una kilo kama 15. Kwa macho unaonekana umepewa theluthi mbili ya DAP. Lakini ile 46 ya DAP karibu yote inayeyuka kwenye maji, na ile 30 ya Minjingu ni jumla ya kila kilichomo, pamoja na kisichotoka. Ndiyo maana mfuko wa jiwe unapaswa kuonyesha namba ya pili, ile sehemu inayoyeyuka kwenye sitrati au asidi hafifu. Usipoiona, hujui umenunua nini.

Ulinganishe basi kwa kilo ya P2O5, si kwa mfuko. Serikali ilipotangaza mwaka 2023 kwamba mbolea ya ruzuku itauzwa shilingi 2,500 kwa mfuko, ilimaanisha kuwa anayepata DAP kwa bei hiyo hulipa takriban shilingi 109 kwa kila kilo ya P2O5, na nitrojeni anapata bure. Ili unga wa Minjingu ulingane naye, hata kabla ya kuhesabu kwamba unachelewa kuyeyuka, mfuko wake usizidi shilingi 1,630 hivi. Ongeza nauli kutoka Babati hadi Malindi na utaona kwa nini hauonekani sana kwenye rafu zetu.

Swali ninaloulizwa sana na wazee wa huku ni hili: "Mwanangu, nikiuchanganya na samadi ya ng'ombe si utaiva?" Nawajibu kwa heshima: kidogo sana, mzee. Samadi iliyokaa huwa na pH ya 7 hadi 8, yaani yenyewe si ya tindikali. Vijidudu vyake hutoa asidi za mboji, na kuna kuvu hodari wa kutengeneza asidi ya sitriki, ile ile ya ndimu, na maabara zimethibitisha kwamba kuvu huyo huyeyusha jiwe. Lundoni nyuma ya nyumba matokeo hubadilika badilika mno, mara nyingine yanaonekana, mara nyingine hakuna. Nikimwambia hivyo mzee hutikisa kichwa, kwa sababu samadi yake ameona ikistawisha mahindi. Ni kweli ilistawisha. Ila ni samadi iliyofanya kazi, jiwe lilisindikiza.

Kuchanganya na SA, mbolea ya salfeti ya amonia, kuna mantiki zaidi. Amonia inapogeuzwa na bakteria kuwa nitreti hutoa tindikali karibu kabisa na mzizi, na kwenye mchanga usio na chokaa tindikali hiyo huifikia punje ya jiwe iliyo jirani. Mimea nayo haikukaa bure. Kunde, pojo na mbaazi zinazojitengenezea nitrojeni hutoa haidrojeni kwenye mizizi, na mbaazi ina ziada: mizizi yake hutoa asidi inayoikomboa fosfeti iliyokamatwa na chuma. Mkulima wa michanga anayetaka kujaribu unga wa jiwe aanze na mikunde, si mahindi. Mahindi yafuate msimu unaokuja. Kwenye matumbawe, hata mbaazi haishindi chokaa. Tindikali ya mzizi humalizwa na kaboneti ya chokaa kabla haijafika popote.

Namna ya kuweka nayo hutofautiana, na hapa watu hukosea kwa kufuata mazoea. Unga wa jiwe hutandazwa shamba zima na kufukiwa, kwa sababu unahitaji kugusana na udongo mwingi kadiri inavyowezekana, mapema kabla ya masika. DAP na TSP ni kinyume chake: huwekwa shimoni karibu na mbegu, kizibo cha soda kwa shimo kama ilivyozoeleka, udongo kidogo juu yake kisha mbegu, ili zisipate nafasi ya kushikwa na udongo wote. Kwenye udongo wa chokaa kufukia kuna faida nyingine. DAP au urea iliyoachwa juu ya udongo wa pH 8 hupoteza nitrojeni hewani kama amonia, na harufu yake waweza kuinusa mwenyewe.

Mtu wa Lamu atauliza: basi mifupa na miba ya samaki, hiyo tunayoitupa forodhani kila siku? Swali limekaa vizuri, maana Minjingu yenyewe ni vinyesi, mifupa ya ndege na miba ya samaki vilivyozeeka. Mfupa ni apatiti pia, laini kuliko jiwe. Kwa hiyo unafuata sheria ile ile: kwenye mchanga wa tindikali utatoa fosforasi polepole, kwenye matumbawe utachelewa mno. Miba iliyochemshwa, ikakaushwa na kutwangwa inafaa bustani ya bara kuliko ya kisiwani. Mifupa ya ng'ombe usiyejua alikufaje usiiguse, kimeta si mchezo.

Kisiwani kuna mali bora kuliko jiwe na mifupa, na iko kwenye kila kichochoro: samadi ya punda. Asilimia yake ya fosforasi ni ndogo ukiilinganisha na mfuko wowote, lakini sehemu kubwa ya hiyo ndogo iko katika hali ambayo mzizi unaichukua bila kungoja tindikali, na mboji yake huizuia fosfeti isikamatwe upesi na kalisi. Kwa mwenye bustani ya mchicha Lamu, karai kadhaa za samadi ya punda iliyokwisha kuiva, pamoja na TSP kidogo shimoni, zinamfaa kuliko gunia zima la Minjingu. Wanaouza mbolea hawana haraka ya kulisema hilo.

Kuna wasiwasi wa aina mbili unaostahili maneno machache. Wa kwanza ni usalama. Minjingu ina urani zaidi ya mawe mengi, na mawe mengine ya dunia yana kadmiamu. Umoja wa Ulaya tangu 2022 umeweka kikomo cha miligramu 60 za kadmiamu kwa kilo ya P2O5. Kinachotia hofu zaidi ni vumbi linalovutwa na anayesaga na kubeba kila siku, kuliko kiasi kinachobaki shambani kwa msimu mmoja. Funika pua, nawa mikono, usimwage upepo ukivuma. Wa pili ni ulaghai. Baada ya sakata la mbolea bandia la 2024 watu walijifunza kutia mbolea kwenye glasi ya maji waone kama inayeyuka. Kwa DAP na TSP jaribio hilo lina maana. Kwa unga wa fosfeti halina, kwa sababu ule halisi hauyeyuki kwenye maji, na vumbi la barabarani haliyeyuki pia. Anayeununua hana kinga zaidi ya mfuko ulioshonwa kiwandani, alama ya ubora ya KEBS na muuzaji atakayempata kesho.

Ukiamua kupeleka udongo maabara, KALRO wana maabara Kabete na kituo cha Pwani kiko Mtwapa. Usiagize tu "fosforasi". Waambie shamba liko wapi, kama lilitoa povu kwa siki, na kama limewahi kuwekwa unga wa jiwe. Njia ya Olsen hutumia mchanganyiko usio wa tindikali na ndiyo inayofaa udongo wa matumbawe. Njia za Bray na Mehlich hutumia asidi, na zikikutana na udongo wenye punje za Minjingu ambazo bado hazijayeyuka, asidi ya maabara huziyeyusha yenyewe ndani ya chupa. Karatasi itarudi ikisema fosforasi ni nyingi. Mahindi yako yatakuwa ya zambarau, na utaambiwa tatizo ni mvua.